Simu za Watu

Jumamosi asubuhi Opereta alitoka uani na beseni la nguo, akaliweka juu ya jiwe la kufulia, akapangusa waya kwa kitambaa kama kawaida yake. Waya wa shaba ukikaa hutoa kijani, na kijani kile kikishaingia kwenye shuka jeupe hakitoki hata ukiomba. Akatundika shuka, akabana vibanio, kimoja huku, kimoja kule. Maji yakaanza kuchuruzika, waya ukapinda kidogo kwa uzito, na kutoka kwenye waya sauti ya mwanamke ikasema: "Hallo? Mama? Nimejifungua. Wa kike. Ana nywele hizo, we acha tu!"

Opereta aliijua sauti. Ilikuwa ya mke wa kinyozi, na huyo mtoto mwenye nywele sasa alikuwa na watoto wa sekondari.

"Simu ya watu hiyo," alisema. Akachukua beseni lake, akaingia ndani, akafunga mlango na dirisha la upande wa uani.

Zamani, kabla ya simu za mkononi, mji mzima ulizungumza kupitia chumba kimoja nyuma ya posta. Ukiinua simu yako, taa ndogo inawaka mbele ya Opereta, naye anauliza unamtaka nani, anachomeka waya kwenye tundu lake, anasema "Ongeeni," basi. Alikuwa binti mwembamba mwenye sauti safi, na hapakuwa na harusi, msiba wala mkopo uliopita pale mjini bila kupitia mikononi mwake. Mambo yalipobadilika ofisi ilikuja na lori, ikachukua mitambo, ikaacha nyaya zikining'inia kwenye nguzo. Watu walisubiri kidogo, kwa heshima, wapate kuona kama kuna atakayezirudia. Kisha wakaleta ngazi. Haukupita muda kila ua ukawa na kamba yake ya kuanikia nguo, waya wa shaba, mnene, usiokatika hata ukianikia godoro.

Nyaya zilikaa kimya miaka yote hiyo, halafu wiki ile zikaamua kusema. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Fundi bomba alisema labda zilikuwa zimeshajaa, na jibu hilo likawatosha watu.

Kufikia Jumatatu mji ulishajua taratibu zote. Nguo kavu haitoi kitu. Leso inatoa "hallo" moja na kukatika. Soksi za watoto zinatoa mlio wa simu tu, krii, krii, hakuna anayepokea. Suruali za jinzi zinatoa ugomvi. Ukitaka simu za mbali, zile zenye upepo ndani yake, anika blanketi, na liwe zito, lilowe barabara. Nguo ikianza kukauka sauti inafifia, na ndiyo maana ungeona mtu na akili zake anakimbia na ndoo uani, anamwagia maji blanketi ambalo lilikuwa limebakiza kidogo tu kukauka, huku anapiga kelele, "Subiri, subiri, alikuwa anataka kumtaja!"

Sabuni ikaisha madukani. Watu walifua mapazia yaliyofuliwa juzi. Mama mmoja alifua zulia, mwingine akafua gunia. Wazee, ambao kwa muda mrefu walikuwa wakikaa vyumbani wakiulizwa tu kama wamekula na kama wamemeza dawa, sasa walitolewa viti nje, wakakalishwa karibu na waya kama wageni rasmi. Wajukuu wakawazunguka. Mchinja nyama, mzee mwenye sauti ya kutisha ambaye wanawake walikuwa wakiogopa hata kumwomba awaongezee kipande, alisikika akiwa kijana, analia kwenye simu na kumuuliza mama yake chumvi inatiwa lini kwenye maharage, mwanzo au mwisho. Wajukuu zake walicheka hadi wakalala chini. Yeye mwenyewe alifuta macho, akaamuru blanketi limwagiwe maji tena.

Jirani wa Opereta, Mama Cherehani, alikuwa na ua mkubwa na waya mrefu kuliko wote mtaani, na vitambaa vya kuanika havikumpungukia maana alishona mapazia tangu ujana wake. Yeye alimpata marehemu mumewe. Mumewe alikuwa fundi ujenzi, na kwa miaka mingi Mama Cherehani aliwasimulia wanawe kwamba baba yao alimposa kwa simu, kwa maneno matamu, naye akakubali papo hapo. Waya ukasema vingine. Kijana alizungumzia saruji. Akazungumzia mchanga, akataja ubora wa kokoto za mtoni, akakohoa, kisha akasema, "Sasa, hiyo nyumba ina vyumba vitatu. Mtu mmoja nitavijaza nini vyote hivyo?" Na sauti ya Mama Cherehani, ya kibinti, ikajibu bila kufikiri: "Weka magunia."

"Mama!" wanawe walipiga kelele. "Weka magunia?"

"Jamani, mimi nilijua ananiuliza!" alisema Mama Cherehani. Akashika kiuno akacheka, akaketi chini akaendelea kucheka, na alipomaliza akatoa machozi kidogo ya kumkumbuka mtu wake, akafua pazia lingine.

Mji mzima, basi, ulikuwa umekaa nje unasikiliza simu za watu. Opereta peke yake alikuwa ndani, amefungua redio kwa sauti kubwa. Siku alipoajiriwa alikuwa ameinua mkono wa kulia na kuapa kwamba hatasikia anachokiunganisha. Siku walipomfukuza walimnyang'anya sare, funguo na kiti chenye mto. Kiapo hakuna aliyekuja kukidai, kwa hiyo aliendelea nacho.

Alifukuzwa kwa kosa la kusikiliza simu. Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mwalimu, kabla hajawa mwalimu mkuu na kabla hajastaafu, alikuwa kijana aliyempenda binti wa mwenye mashine ya kusaga katika mji wa pili. Kaka zake binti hawakumtaka. Mwalimu akampigia binti simu mchana, wakati kaka zake wako mashineni, wakapanga kwa kunong'ona: apande basi la asubuhi, waende wakafunge ndoa ya serikali, mengine yatajulikana mbele ya safari. Asubuhi kaka wote wanne walifika stendi kabla ya basi lenyewe. Binti akarudishwa nyumbani, akaozwa mbali. Mwalimu akaenda posta kwa Bosi, mkuu wa posta wa wakati ule, mtu mwenye mfuko wa karanga daima kwenye koti. "Kwenye simu ile tulikuwa watatu," Mwalimu alimwambia. "Mimi, yeye, na huyo binti yako wa mitambo." Bosi alitikisa kichwa kwa masikitiko, akatafuna, akasema masikio ya mabinti hawa ni balaa. Jioni hiyo hiyo Opereta alirudi nyumbani bila kazi. Alisema siye yeye. Alisema mara moja, kwa sauti yake safi, na hakuna aliyemsadiki.

Tangu hapo Opereta akiingia mahali watu hunyamaza. Hawakumtukana, la. Walimsalimia vizuri, walimuulizia afya, walimpelekea chakula akiugua. Ila mazungumzo yalikatika. Akiingia dukani, wanawake waliokuwa wanacheka wanaanza kuzungumzia mvua. Akipita bombani, mtu anakatiza sentensi katikati na kuinua ndoo. Amezeeka hivyo. Hakuolewa, maana hakuna mwanaume aliyetaka kulala pembeni ya masikio yale. Pensheni hakupata. Hayo yote alishayazoea, lakini la kunyamaziwa lilimuuma kila siku kana kwamba limeanza jana. Kitu alichokitamani duniani ni kidogo mno: aingie mahali, na watu waendelee kuongea.

Sasa, Mwalimu naye alikuwa mjane, na waya wa kwake ulikuwa mfupi, umeungwaungwa, unatoa simu za kuagiza mbegu tu. Akamwomba Mama Cherehani nafasi. Akaja na kiti chake na blanketi lake la kijivu, akalilowesha vizuri, akaketi. Alikuja siku ya kwanza, akaja siku ya pili. Mama Cherehani akawa anamwekea chai. Siku ya tatu blanketi likatoa simu ile.

Kwanza ilisikika sauti ya Opereta: "Umempata. Ongeeni." Kisha, tak, mlio wa plagi yake ya kusikilizia ikichomolewa, na yeye hakuwepo tena. Kisha kijana na binti wakanong'ona mambo ya basi. Mwalimu alifumba macho. Na katikati ya minong'ono ile, karibu sana, kikasikika kitu kingine: kra, kra, kra. Kimya kidogo. Kra, kra. Binti akaaga, Mwalimu kijana akaaga, simu zikarudishwa, na sauti nene ya mwanaume, mdomo umejaa, ikasema peke yake: "Loo! Basi la asubuhi!"

Mama Cherehani alishika birika na hakumimina. Mji mzima ulikuwa na mtu mmoja tu mwenye sauti ile na mfuko ule, naye wakati huo alikuwa barazani kwake mtaa wa pili, anatafuna.

Watu walirudi majumbani, wakaanika upya, safari hii wakisikiliza kwa makini. Ikawa ni vile vile kila mahali. "Ongeeni," tak, halafu kra, kra. Kwenye simu ya mke wa kinyozi aliyejifungua, kra. Kwenye maharage ya mchinja nyama, kra. Hata kwenye magunia ya Mama Cherehani, ukitega sikio, mtu alikuwa amepaliwa kwa kicheko.

Mwalimu alivaa koti, akaenda kugonga mlango wa Opereta. Opereta alipunguza redio, akamkaribisha kiti.

"Opereta, nilikukosea," alisema Mwalimu.

"Ulinikosea, Mwalimu."

"Siyo wewe uliyesikiliza. Nimesikia kwa masikio yangu. Twende uani kwa jirani, nawe usikie."

"Nikasikilize simu ya watu?"

"Ni simu yangu mwenyewe. Nimekuruhusu."

"Na yule binti naye ameniruhusu?"

Mwalimu, aliyefundisha watoto wa mji mzima kujibu maswali, aliinua kikombe alichowekewa. Alikunywa maji aliyopewa, akaomba radhi tena, akaondoka. Opereta alifunga mlango. Alisimama pale pale nyuma ya mlango, akalia kidogo, kisha akacheka sana, peke yake, mkono mdomoni. Furaha ilimpanda hadi akakosa pa kuiweka. Alipiga pasi gauni lake la maua, lile la kutokea.

Kesho yake alilivaa, akaenda dukani. Wanawake walikuwa wamejaa mlangoni wanacheka kitu. Opereta akaingia. Wakanyamaza.

Zamani walinyamaza kwa kumwogopa. Sasa walinyamaza kwa kumwonea haya. Kila mmoja aliinamisha uso akatazama kikapu chake, na muuza duka akampimia sukari kwa kuzidisha, mara mbili ya aliyoomba, bila kumtazama. Bombani ikawa hivyo hivyo, watu wakampisha foleni, wakambebea ndoo, hakuna aliyefungua mdomo. Kimya kikawa kikubwa kuliko cha mwanzo. Opereta alirudi nyumbani na sukari yake nyingi, akavua gauni, akalitundika.

Mwalimu kwa upande wake hakukubali yaishe. Alikata kipande cha waya wa Mama Cherehani, akalilowesha blanketi, akalibeba ndani ya beseni hadi posta. Afisa wa siku hizi, kijana mwenye adabu zake, alimsaidia kufunga waya kutoka dirishani hadi kwenye kabati. Wakatundika blanketi katikati ya ofisi. Maji yakatiririka chini ya meza. Afisa alisikiliza mwanzo hadi mwisho, mikono nyuma.

"Nimesikia, mzee wangu," alisema. "Na sauti ni yake, hata mimi nambishia hodi kila siku, ni jirani yetu. Lakini jalada linasema opereta alisikiliza. Sasa blanketi hili likikauka, mimi nitaweka nini kwenye jalada?"

"Weka ukweli," alisema Mwalimu.

"Umelowa, mzee. Utaharibu karatasi."

Kisha akaomba, kabla waya haujafunguliwa, ajaribu sweta lake. Wakalilowesha kwenye ndoo ya deki. Alimpata babu yake akiagiza betri za tochi na kubishana kwamba alizopewa mwanzo zilikuwa za kike, hazina nguvu. Afisa alicheka hadi akashika meza, akamshukuru sana Mwalimu, akaita mtu aje apige deki, na jalada likarudi kabatini jinsi lilivyotoka.

Mwisho wa mwezi halmashauri ilifanya sherehe ya kuwaenzi wazee wa mji. Mipango ilikuwa imepitishwa muda mrefu, na kibao kilikuwa kimeshachongwa. Bosi aliketi mbele, amevishwa joho, na uchochoro wa posta ukapewa jina lake kwa kazi yake tukufu ya kuuunganisha mji. Kila mtu ukumbini alijua. Mwenyekiti alijua, alikuwa ameanika shuka lake asubuhi hiyo hiyo. Walipompa Bosi kipaza sauti ashukuru, kilichosikika kwanza ukumbi mzima kilikuwa kra, kra, kra, na watu wakainamisha vichwa, mabega yakiwatikisika. Bosi alidhani wanalia kwa kuguswa, naye akaguswa. Wakapiga makofi, maana mtu wa umri ule huwezi kumnyima makofi. Opereta, aliyekaa nyuma karibu na mlango, naye alipiga. Mwalimu alikunja mikono. Kibao kikapigiliwa misumari, na kipo hadi leo.

Siku chache baadaye, alasiri, vibanio viwili vya Opereta vilivunjika, naye akaenda kuazima kwa jirani. Alifika na beseni lake kiunoni. Uani kwa Mama Cherehani wanawake walikuwa wameketi mkekani, wameinamiana vichwa vikigusana, Mama Cherehani katikati, anaongea kwa kunong'ona na mikono inaruka. Mapazia yalikuwa wayani, yanaongea peke yake, hakuna aliyeyasikiliza. Mmoja akamwona Opereta akamgusa mwenzake. Wakanyamaza wote, wakatazama chini.

"Msijali," alisema Opereta. "Nimefuata vibanio tu, naondoka sasa hivi."

Alishapiga hatua kuelekea kikapu cha vibanio. Mama Cherehani aliwatazama wenzake, akamtazama Opereta mgongo wake uliopinda na beseni lile, na uso ukambadilika. Akapiga mkeka kwa kofi.

"Mmenyamaza nini?" aliwafokea. "Nani amekufa hapa? Kaa huko, sogeeni! Shoga, njoo. Njoo huku. Wewe ndiye mtu wa kuambiwa jambo hili, hawa wote midomo wazi, kufikia jioni litakuwa limefika stendi. Tua hilo beseni."

Opereta alisimama na beseni lake kiunoni. Neno lile, shoga, hakuwahi kuitwa tangu avuliwe sare. Akatua beseni.

"Ni siri," alisema Mama Cherehani, akishusha sauti. "Usimwambie mtu. Mwalimu kanitaka."

"Mwalimu!"

"Na umri huu! Na magoti haya! Kaja asubuhi na blanketi lake, nikadhani ni mambo ya kila siku, kumbe blanketi lenyewe kavu. Kavu, shoga! Hakuja kuanika kitu. Kakaa pale ulipo wewe, kavua kofia..."

Hapo Mama Cherehani alifunika uso kwa upande wa kanga akashindwa kuendelea, kwa haya na kwa kicheko, na wanawake wote mkekani wakacheka naye. Nyuma yao, kwenye nyumba ya Opereta, nguo zilizobaki bila vibanio zilidondoka moja moja mchangani, na hakuna aliyezijali. Opereta akavuta kigoda, akakisogeza karibu, karibu zaidi, hadi goti lake likagusa la jirani. Akainamisha kichwa pamoja na vichwa vyao.

"Ehe," akasema. "Halafu?"